Toa hiyo miguu kwenye beseni ukalale

Mleta mada, nilipofika pale unaposema unasoma hadi saa tisa usiku miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi, na Kidato cha Sita mnaanza mtihani wiki tano zijazo, niliweka simu chini kwanza. Huyo ni mimi. PCB ile ile (Fizikia, Kemia, Baiolojia), hata chumba naona ni huko huko Nyegezi, Mwanza.

Acha leo hii. Saa nne na nusu vitabu vifungwe.

Beseni langu lilikuwa la bluu, la kufulia. Mezani kopo la enaji, kile kinywaji cha kuondoa usingizi, ukutani picha ya mzee wangu, niliibandika makusudi inisute kila nikisinzia. Mzee ni mvuvi wa dagaa Ukerewe, aliuza mashine ya mtumbwi ili ada ikamilike. Nikajipigia hesabu: baba anakesha ziwani kwa ajili yangu, mimi nilale kwa haki ipi? Usingizi nikauona kama wizi.

Aliyeupalilia ujinga huo ni mwalimu mmoja wa tuisheni. "Wanaolala sasa hivi watakuja kuwaamkia nyie, shikamoo daktari!" Na sisi tunapiga makofi! Yeye mwenyewe kipindi cha saa kumi na mbili asubuhi alikuwa anatokea saa mbili, alama ya mto bado iko shavuni. Hela yangu alikula na usingizi wake akalala.

Wiki ya tatu hamu ikafa. Ukurasa mmoja wa Baiolojia nausoma mara nne, macho yanapita tu, hakuna kinachobaki. Nikajiita mvivu, nikaongeza muda wa kukesha. Hapo ndipo shimo lenyewe lilipo, mdogo wangu: ukinyimwa usingizi unakosa hamu, ukikosa hamu unajilaumu, ukijilaumu unakesha zaidi. Halafu ile enaji, ukiinywa saa nne usiku, masaa matano baadaye karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Kwa hiyo hata nikijitupa kitandani saa tisa, nalala kama kuku wa kwenye tenga juu ya basi la Musoma.

Ikafika Kemia ya vitendo. Asidi iko kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, chini chupa yako ya besi, kiashiria cha methili orenji kimeipa rangi ya njano. Kazi ni kudondosha tone tone na kufunga koki rangi inapoanza kugeuka. Ya kwanza nilipitiliza, nikasema hiyo ni ya kupimia tu. Ya pili nimeshika koki, macho yakajifunga. Naapa ni sekunde chache. Kufumbua, chupa nyekundu kama juisi ya rozela! Ya tatu mkono unatetemeka, namba nikazipika. Nilipika vibaya, maana matokeo yalipotoka Kemia ilikuwa S, alama iliyo juu ya F tu. Mwaka mzima nikauza vocha Buzuruga huku nasubiri kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wateja wakawa wananiita daktari, nacheka nao, ningefanyaje?

Na wala si jambo jipya kwamba usingizi unasaidia kukumbuka. Mwaka 1924 huko Marekani, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana. Wakilala baada ya kukariri, walikumbuka nyingi kuliko wakikaa macho kwa muda ule ule. 1924! Babu yangu hajazaliwa, na mtu wa tuisheni bado hajapata taarifa.

Kilichoniuma kuliko S ni mzee. Nilimkuta mwaloni anaanua dagaa, nikamweleza habari za picha ukutani. Akaniangalia muda mrefu. "Nani kakwambia mimi silali? Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, tunakoroma hadi jua kali."

Umeuliza pia kuhusu simu, na kama umwambie mama yako kwamba udaktari huutaki. Simu yangu enzi hizo ilikuwa kitochi, sina la kukufundisha. Hilo la mama, wenye hekima wapo humu, watakuja.

Mimi nina swali moja tu. Uzi umeuweka saa nane na dakika arobaini usiku, na sasa hivi naona umetoka kumjibu mtu hapo juu. Miguu iko wapi? Na usinigeuzie kibao, mimi niko zamu, nalipwa kukesha.