Dansi ndiyo uwanja wenyewe wa vita

Dada, umesema riwaya za mapenzi za Uingereza ya enzi ya Regency zinakushinda kila ukifika kwenye dansi, na kwamba wewe hasa ni mpenzi wa hadithi za uchawi. Usizitupe bado.

Enzi yenyewe ni fupi: 1811 hadi 1820, mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, George wa Tatu. Kinachokuchosha ni kwamba unasubiri tukio, kumbe limeshapita mbele ya macho yako. Chukua Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813). Bingley, kijana tajiri, anamrudia binti aitwaye Jane kwa dansi ya pili, basi mama yake binti anarudi nyumbani kama aliyeshapokea posa. Mimi simcheki. Ana mabinti watano, na mumewe akifa nyumba inakwenda kwa binamu wa kiume. Ukilishika hilo, kila "karibu tucheze" itakupandisha presha.

Kwa uchawi, tafuta Jonathan Strange & Mr Norrell ya Susanna Clarke (2004). Ni tofali la kitabu, na lina tanbihi ndefu ambazo ukiziruka utajipunja. Utamu mwingine umo humo. Mchawi anapelekwa vitani kumsaidia Wellington, jenerali wa Uingereza, dhidi ya Wafaransa, na kazi anayopewa ni kutengeneza barabara! Adabu ni zilezile za sebuleni, ila nyuma ya kioo kuna njia ya kwendea ujinini.

Anza na Austen, lakini, ili Clarke akikutania uelewe utani.