Barua kwa mwanangu: mtoto akikuuliza asome nini

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Lushoto. Baridi imeshika kwelikweli, baba yako haondoki jikoni. Jumapili ulipopiga simu nilikujibu kwa mkato kwa kuwa gengeni kulikuwa na wateja, lakini swali lako nililala nalo. Ulisema mkuu wa shule amekukabidhi kazi ya ushauri na unasihi, na siku ya kwanza tu msichana wa kidato cha tatu akaja akakuuliza, "Madam, nisome nini?" Ukakosa la kusema. Ukaniuliza mimi: "Mama, nimjibuje bila kumharibia maisha?"

Nianze kwa kukueleza kwa nini na mimi swali hilo linanitia hofu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1981. Fomu tulijaza, lakini hatukukaa na mtu hata mmoja akatuuliza tunapenda nini. Nchi ndiyo iliyopanga: huyu uuguzi, huyu kilimo, huyu kidato cha tano. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza 1977, madarasa yamefurika, walimu hawatoshi, na jina langu likatoka kwenye orodha ya ualimu wa shule ya msingi, daraja la IIIA. Nikaenda. Kazi ile niliipenda mpaka nastaafu, sijuti. Ila niliondoka na mazoea mabaya, kwamba mtoto ni wa kupangiwa.

Ndivyo nilivyokufanyia. Wewe ulitaka EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Tukakaa sebuleni, mimi, baba yako na mjomba wako, tukakuamulia PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na sababu yetu ilikuwa neno moja: daktari. Hatukukuuliza ile alama yako ya fizikia uliipata kwa kuelewa au kwa kukariri. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na alama za udaktari hazikufika, ukaingia ualimu wa baiolojia na kemia, na mimi nikawaambia watu, "Mungu ndivyo alivyopenda." Nilimsingizia Mungu. Ni sisi wazazi wako. Nakuomba radhi kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimejaribu mara nyingi nikashindwa.

Sasa huyo msichana. Usimjibu siku hiyohiyo. Muulize wiki iliyopita alifanya nini bila kutumwa na mtu. Muulize somo gani akilikosa darasani huazima daftari la mwenzake. Muulize anamfahamu nani kwa macho yake anayefanya kazi anayoitaja. Ukisikia anataja kazi ambayo hajawahi kumwona mtu akiifanya, jua hilo ni neno alilopewa, kama sisi tulivyokupa wewe. Andika majibu yake, mwambie arudi baada ya wiki mbili, kisha umuulize tena.

Halafu mpe habari. Hapo ndipo watoto wa shule zetu za kata wanapoonewa zaidi. Mtoto wa mjini ana shangazi aliyesoma chuo. Wa kwako ana wewe. Mweleze kwamba kidato cha tano kinataka C zisizopungua tatu, na kwamba tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano, inajengwa juu ya masomo yale aliyofaulu, hivyo anayeitupa Hisabati kidato cha kwanza anafunga milango ambayo hajaiona bado. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65, zikiwamo za michezo, sanaa na lugha. Lakini si kila shule inazifundisha zote, kwa hiyo kabla hujamsifia mtoto tahasusi fulani, tafuta kwanza ni shule zipi zinazo.

Na umwambie kwa sauti ileile kwamba kidato cha tano si njia pekee. Ukisema "ama kidato cha tano, ama ufundi wa VETA" huku uso umeshuka kwenye neno la pili, mtoto ameshakuelewa. Mtu anaweza kutoka kidato cha nne akachukua astashahada, akaendelea na stashahada ya maabara, ya upimaji ardhi, ya uhasibu, akafanya kazi, kisha akaingia shahada kwa stashahada hiyo. Ada nayo izungumze wazi. Kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ada ilifutwa kuanzia 2022, na Bodi ya Mikopo, ambayo zamani tuliijua kwa wa shahada tu, sasa inakopesha pia wa stashahada kwenye fani zilizopewa kipaumbele. Kuna wazazi hapa kwetu wamewazuia watoto kwa hofu ya ada ambayo haipo tena. Inaniuma sana.

Lingine ni hili: usisubiri fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Fomu ikifika mezani, kazi yako ilipaswa iwe imeshafanyika. Nilikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyekuja shuleni na nyaya na betri zilizokwisha mfukoni. Wakati wa somo anaunganisha, taa ndogo ya tochi inawaka chini ya dawati. Nilimnyang'anya mara tatu. Mara ya nne nikavitupa vyote chooni mbele ya darasa zima. Hakuleta tena. Wala hakunyoosha tena mkono kuuliza jambo mpaka anamaliza la saba. Namkumbuka kuliko wale wote niliowafaulisha. Ningemwita mchana, nikamwambia anionyeshe inavyowaka, ule ungekuwa ushauri wa kazi wa kutosha kwa mtoto wa umri ule.

Kwa hiyo kidato cha kwanza wewe tazama tu na uandike. Cha pili waonyeshe watu. Hapo Muheza unakofundisha umebarikiwa, mwanangu. Kituo cha Amani cha utafiti wa magonjwa kipo hapo, wapo watu wanaochunguza mbu na malaria kila siku. Kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano wanapima udongo na kutafiti mkonge. Hospitali teule ipo. Wakulima wa machungwa wapo, na madalali wao, na madereva wanaoyapeleka Dar es Salaam. Mwombe mkuu wa shule Ijumaa moja kwa mwezi, umlete mmoja wao aseme alianzaje, alifeli wapi, siku yake inakwendaje. Msichana akimwona mwanamke mwenzake amevaa koti la maabara, huhitaji kumhubiria.

Wazazi ndio watakaokusumbua. Waite kidato cha tatu, usingoje cha nne. Usibishane na baba wa mtu mbele ya mwanawe. Mwache aseme anachotaka, kisha umpe karatasi ya alama za mtoto wake za miaka miwili aisome mwenyewe, taratibu. Sisi hakuna aliyetuwekea karatasi ile mbele.

Na usilolijua, sema hulijui, ukaulize, umrudie mtoto na jibu. Ukiahidi Jumatano, iwe Jumatano.

Jana nilikuwa napanga kabati nikakuta daftari lako la darasa la sita. Upande wa mbele Maarifa ya Jamii. Upande wa nyuma umeandika hesabu za genge letu: nani amekopa nyanya, lini, amelipa ngapi, kabichi zilizooza umezitoa kwenye faida. Hakuna aliyekutuma. Nililiona wakati ule nikakugombeza kwa kuchafua daftari la shule. Nimelifunga kwenye mfuko pamoja na matunda ya kaka yako, nimempa kondakta wa basi la Tanga la Alhamisi. Uwe stendi saa sita.

Mama yako