Hilux 3L inakula oili: ovaholi au injini ya mtumba? Nilivyokosea mara ya kwanza

Mkuu, umeuliza hivi: Hilux yako ya injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu) inakula oili karibu lita moja kila wiki, asubuhi inatoa moshi, mlimani imeisha nguvu. Fundi anataka kuishusha injini afanye ovaholi, yaani aifungue na kuitengeneza upya, shemeji yako anasema nunua injini ya mtumba. Mimi nimepita hapo na gari ya aina hiyohiyo, tena mara mbili, na mara ya kwanza nilipita vibaya. Nisome mpaka mwisho kabla hujatoa hela yoyote.

Nilikuwa napakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, napandisha Kitonga kwenda Iringa mjini. Tatizo lilianza taratibu. Kona nilizozoea kuzipita na gia ya tatu nikawa nazipita na ya pili, baadaye ya kwanza, malori yananipigia honi nyuma. Moshi wa bluu ukawa haukatiki. Fundi akafungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma, moshi ukawa unatoka kwa kusukumwa, puh puh puh. Akasema ringi, zile pete za pistoni zinazoziba silinda, zimekwisha.

Alikuwa sahihi. Kosa ni tulichofanya baada ya hapo. Tulifungua, tukatia ringi mpya na metali (beringi) mpya za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki, tukabadili gasketi, tukafunga. Silinda hatukupima, krenki (shafti kuu ya injini) hatukupima. Nilitaka kuokoa hela ya karakana ya kukereza, na nilitaka gari irudi barabarani kabla msimu wa vitunguu haujaisha. Miezi miwili ilikwenda vizuri kabisa. Ilipofika mwezi wa tano tangu tufunge ikaanza tena kula oili, na safari hii chini kukawa kunagonga.

Mara ya pili nilibeba bloku mwenyewe mpaka karakana. Mzee anayekereza akaniambia nipitishe ukucha ndani ya silinda kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukakwama. Karibu na mdomo, pale ringi ya juu inapoishia safari yake, palikuwa na kingo kama kidaraja: juu yake chuma hakijaguswa, chini yake kimelika. Kisha akaingiza saa ya kupimia kipenyo, akapima juu, katikati na chini, na kila mahali akapima mara mbili kwa kuigeuza. Silinda ya 3L ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 96. Yangu ya tatu ilikuwa imelika milimita 0.35 kwa juu, na chini karibu haijalika kabisa. Ikishavuka 0.20 haifai tena bila kuchongwa. Silinda ya namna hiyo si duara tena, ringi mpya ni duara. Zinaachiana upenyo, oili inapanda juu na moto unashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Zile ringi zangu za kwanza zilikuwa zimekufa siku ileile tulipozifunga.

Kwa hiyo, mkuu, si fundi wako wala shemeji yako anayeweza kukuambia ufanye nini mpaka hiyo injini ipimwe. Anza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, gari ikiwa bado nzima. Injini iwe ya moto, filta ya hewa iwe safi, betri iwe na chaji ya kutosha. Chomoa waya wa solenoidi ya pampu (swichi ya umeme inayoruhusu dizeli) ili dizeli isiingie, toa hita plagi (plagi za kupasha joto) zote nne, pima silinda moja baada ya nyingine. Hakikisha geji ni ya dizeli, ya petroli haifiki huko. 3L nzima inatoa 32 au zaidi kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Kikomo cha chini ni 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Ukikuta mbili zinazopakana ziko chini na nyingine ziko vizuri, shuku gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini) kabla ya ringi.

Namba zikiwa nzuri, usikubali ishushwe. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu kisha unakatika mara nyingi ni sili za vali. Mweusi ni nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), pampu au filta ya hewa. Na lala chini ya gari uangalie: oili inayopotea kwenye sili ya nyuma ya krenki haijaliwa na injini, imemwagika njiani.

Namba zikiwa mbaya, angalia gari yenyewe kabla ya injini. Gonga chasisi kwa nyundo, hasa pale springi za nyuma zinaposhika. Kama imeoza, tafadhali usizike milioni kadhaa mle. Yangu ilikuwa nzima, ndiyo maana niliendelea.

Shemeji yako hajakosea kabisa. Ingekuwa Corolla ya petroli, huenda hata mimi ningechukua mtumba. Lakini 3L za mtumba nyingi zimetoka kwenye magari ya miaka ya 1990, kwa hiyo unauza uchakavu unaoujua na kununua usioujua. Ukiamua hivyo, ipimwe kompresheni mbele yako kabla hujalipa, na kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, lazima ukaibadilishe TRA, mamlaka ya mapato.

Mimi nilifanya ovaholi kamili. Silinda zilichongwa, pistoni na ringi za ovasaizi 0.50, yaani kubwa kwa nusu milimita. Krenki ilisagwa 0.25 na metali za saizi hiyo. Hedi ilipimwa kwa presha ikakutwa na ufa katikati ya vali, ugonjwa wa kawaida wa hizi injini zikichemka, nikalazimika kununua nyingine. Hilo liweke kwenye bajeti tangu mwanzo, maana ndilo lililoniumiza zaidi. Nilibadili pia pampu ya oili, pampu ya maji na mkanda wa taimingi, nozeli zikapimwa, rejeta ikazibuliwa. Rejeta iliyoziba ndiyo iliyoua injini yangu tangu awali, na ningeiacha ingeua na mpya. Jumla ilinitoka kama milioni tatu na nusu. Ile ya kwanza ya ringi tupu ilikuwa imekula laki tisa, zote zimepotea.

Kilometa 1,000 za mwanzo sikupakia kitu. Oili nilimwaga kwenye 500, ikatoka inang'aa vumbi la chuma, nikamwaga tena kwenye 1,000. Mzigo wa kwanza ulikuwa magunia matano tu. Kitonga niliipanda na gia ya tatu, nikasimama Ilula kupima oili kwa stiki: haikuwa imeshuka hata alama.

Kapime, kisha weka hapa namba za silinda zote nne, rangi ya moshi na saa unapotoka, na hali ya chasisi. Nitakujibu kwa hizo namba.