Nakata miti majumbani: je, nahitaji bima ya dhima?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mkata miti, niko Nkuhungu hapa Dodoma, najitegemea. Nina cheinso, kamba na vijana wawili ninaowaita kazi ikipatikana. Juzi ofisi moja ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wameniita nikapogoe miti ya uwanjani kwao, ila wanataka kwanza niwapelekee cheti cha bima ya dhima. Bima niliyonayo ni ya afya tu. Je, sheria inanilazimisha au wananisumbua? Na nikiikata, inalipa nini hasa?

JIBU: Nzuri, kaka. Hawakusumbui. Sheria haikulazimishi kuwa na bima hiyo, yaani ya kulipia madhara unayowasababishia wengine. Ya lazima wanayoijua wengi ni ile ya chombo cha moto kwa mtu wa tatu, na mwaka 2022 yakaongezwa mambo kama majengo ya biashara, masoko ya umma na bidhaa zinazoingizwa nchini. Mkata miti hayumo. Lakini mteja ana haki ya kuweka sharti kwa anayeingia kwake na msumeno, na mimi ningekwambia uikate hata kama asingekuomba mtu.

Katika kazi yako hasara haiangalii umelipwa kiasi gani. Unapogoa mwarobaini kwa shilingi elfu themanini, tawi linazunguka kwenye kamba, linapiga mnara wa simtanki wa jirani. Tenki limepasuka, mnara umelalia bati, na chini yake kuna gari. Viwanja vya mjini miti ya kivuli imepandwa imegusa ukuta. Huna pa kuangushia. Ongeza upepo wetu wa Agosti hadi Oktoba, ambao unakuja ghafla ukiwa tayari uko juu. Na mbuyu, wewe unaujua kuliko mimi: kwa nje umesimama imara, ndani una uwazi, na unaweza usiangukie ulikopanga.

Bima yako ya afya itakutibu wewe. Jirani haimhusu, wala mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita nje ya ukuta. Hao ndio bima ya dhima imewekwa kwa ajili yao: uzembe wako au wa kijana wako ukimuumiza mtu mwingine au kuharibu mali yake, na sheria ikasema ni juu yako kulipa, kampuni inalipa hadi kiwango mlichoandikiana. Kwa kawaida inabeba na gharama za wakili, mradi imeridhia mapema.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Kuna kijana nilimsaidia kufuatilia dai lake. Ada alilipa, cheti alikuwa nacho, tawi likavunja paa la jirani. Kampuni ikakataa. Nilipofungua mkataba wake, ukurasa wa kwanza, mbele ya neno "biashara" palikuwa pameandikwa "usafi na bustani". Aliyemwandikia aliona inatosha. Kufyeka majani na kukata mti wa mita kumi na mbili kwa cheinso si hatari moja, na kampuni haikukosea kusema hivyo. Kwa hiyo yako iandikwe waziwazi: kukata na kupogoa miti, kwa kupanda, kwa kutumia msumeno wa mnyororo. Ada itapanda, iache ipande.

Kisha nenda kwenye sehemu ya mambo yasiyolipwa, uisome polepole. Tafuta kama kuna kikomo cha urefu wa kufanyia kazi. Tafuta nyaya za umeme. Kampuni nyingine zinaziondoa kabisa, na hata zisipoziondoa, mti uliogusa laini uache hadi TANESCO wazime. Tafuta pia mali unayoifanyia kazi yenyewe: ukikata mti ambao mwenye nyumba hakukutuma, usidhani bima itamlipa mti wake. Faini za kukata bila kibali hazimo.

Jambo jingine linagusa desturi zetu. Ajali ikitokea mtaani, tunakwenda kwa mwenyekiti, tunaomba radhi, inaandikwa karatasi kuwa "nakubali kosa, nitalipa ndani ya mwezi", mashahidi wanatia sahihi. Ni ustaarabu mzuri, lakini mikataba hii karibu yote inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Karatasi hiyo inaweza kukupotezea fidia yote. Mpe pole jirani, mpeleke majeruhi hospitali, piga picha za tawi, kamba na uharibifu kabla hamjaondoa kitu, halafu wapigie bima siku hiyohiyo. Mwenyekiti mwambie una bima na umetoa taarifa. Sahihi isubiri.

Vijana wako wawili hawamo humu. Ukimwita yuleyule kila kazi, ukamwelekeza na kumlipa, usijidanganye kwamba ni kibarua tu. Akianguka, suala ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kumsajili ni wajibu wa mwajiri. Wewe mwenyewe ulizia bima ya ajali binafsi. Cheinso nayo ina bima yake ya vifaa.

Kuhusu fedha, uliza kiasi utakachobeba mwenyewe kila ajali. Tuseme mkataba unasema ni asilimia 10 ya hasara, isipungue 500,000. Hasara ikiwa 3,000,000, asilimia 10 ni 300,000, lakini utatoa 500,000 na kampuni 2,500,000. Kiwango cha juu nacho kitazame kwa macho ya Mtumba: magari yanayoegeshwa uwanjani pale si ya milioni tano. Nenda ukayaone kabla hujachagua kiwango. Ofisi hiyo nayo iulize inataka kiwango gani, kwa maandishi, usije ukalipia kidogo wakakurudisha.

Bima haianzi kabla hujalipa ada, kwa hiyo usipande mti kwa ahadi ya wakala kwamba "tutamalizana Ijumaa". Hakikisha wakala au dalali amesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Makao makuu yao yako hapahapa Dodoma. Dai likikataliwa na hukuridhika, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi ya Mtumba wapelekee nakala ya cheti. Mkataba wenyewe, kurasa zote, omba upewe siku unayolipa, ukae nao nyumbani.