Kunung'unika na Kumlilia Mungu Havifanani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimepokea ujumbe wa dada mmoja, mwalimu wa shule binafsi kama nilivyokuwa mimi. Mshahara haujaingia kwa miezi kadhaa na mwenye nyumba anadai kodi yake. Alipoomba akina mama wenzake wa kanisani wamwombee, mmoja akamwambia ajihadhari, wana wa Israeli walikufa jangwani kwa kunung'unika. Sasa ananiuliza: "Mama, hivi kusema sijalipwa ni dhambi?"

Si dhambi, mwanangu. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu najua mko wengi. Neno hilohilo niliambiwa na mimi, na nikilikumbuka mpaka leo linachoma.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari. Wazazi walilipa ada, basi jipya la shule likanunuliwa, na sisi walimu tukaambiwa tuvumilie kidogo. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yalionekana kwenye hati ya mshahara kila mwezi, lakini nilipokwenda kuuliza nikakuta shule haijayapeleka. Kwenye chumba cha walimu ilikuwa manung'uniko tangu chai ya saa nne mpaka kengele ya jioni. Meneja kafanya hivi, mke wa mwenye shule kasema vile, mwalimu fulani analipwa kwa siri. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoshwa na maneno kuliko vipindi. Na katika wote wale, hakuna aliyewahi kuuandikia uongozi hata mstari mmoja.

Mimi niliandika. Niliandika barua ya heshima, nikaweka jina langu na sahihi yangu, nikaipeleka ofisini kwa mkono. Nikaitwa mchochezi. Jumapili iliyofuata, mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu sana na mwenye shule alisimama akafundisha juu ya roho ya manung'uniko, akinikazia macho ibada nzima. Watu niliokuwa nasali nao walitoka nje bila kunisalimia. Hilo liliniuma kuliko mshahara.

Usiku ule niliifungua Hesabu 11 nikaisoma sura nzima, si ule mstari mmoja tunaopigwa nao. Isome na wewe. Watu wanalilia nyama, wanakumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu walivyokula Misri, wanasema walikula bure. Bure! Watu waliofyatua matofali kwa viboko, ambao watoto wao wa kiume Farao aliamuru watupwe mtoni. Mana, chakula kutoka mbinguni, ilikuwa inawashukia, wakaichoka. Wakalia, kila mtu mlangoni pa hema yake, na hasira ya Bwana ikawaka.

Halafu endelea mstari wa 11. Musa naye analalamika, na maneno yake ni makali kuliko yao. Anamwuliza Mungu kwa nini amemtenda uovu. Anauliza kama ni yeye aliyewachukulia watu hawa mimba. Anafika mahali anasema, kama ndivyo unavyonitenda, uniue tu. Ni sura ileile, siku zilezile, Mungu yuleyule. Na Musa hakupigwa. Aliambiwa akusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Wale waliolia hemani walipewa nyama waliyoitaka, na pigo likaja ingali kati ya meno yao.

Basi tofauti haiko kwenye ukali wa maneno. Wale walisema juu ya Mungu wakiwa hemani, na walichotaka ni kurudi utumwani. Musa alisema na Mungu mwenyewe, akitaka msaada. Daudi katika Zaburi 13 anauliza "hata lini" mara nne mfululizo, na tumewekewa kwenye Biblia ili tusali hivyohivyo. Naye Hana, yule mama aliyelilia mtoto, alimimina nafsi yake hekaluni mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa. Hakuna aliyemwita mnung'unikaji.

Najua mtaniuliza, na kuridhika je? Paulo si alisema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo? Alisema, Wafilipi 4:11, tena akiwa kifungoni. Lakini mistari mitatu mbele anawashukuru Wafilipi kwa kuishiriki dhiki yake. Mtu aliyeridhika bado aliiita dhiki kuwa ni dhiki. Na kumbukeni yaliyompata Paulo kwenye mji wenyewe wa Filipi, Matendo 16. Amepigwa bakora bila kuhukumiwa, miguu iko kwenye mkatale, na usiku wa manane yeye na Sila wanamwimbia Mungu. Kulipokucha mahakimu wakaagiza waachiliwe kimyakimya. Paulo akakataa. Sisi ni raia wa Rumi, wametupiga hadharani pasipo hukumu, waje wenyewe watutoe. Wakaja, wakawasihi. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki yake asubuhi.

Hapo ndipo niliposimama mimi. Nilijitoa kwenye kikundi cha walimu cha WhatsApp, kwa sababu kilikuwa ni hema la Waisraeli tu. Nikawa namwambia Mungu kila kitu, kwa sauti, nikitaja kiasi cha fedha na jina la duka lililokuwa linanidai. Nikajifunza kushukuru kwa ugali uliokuwepo mezani, maana 1 Timotheo 6:8 inasema tukiwa na chakula na nguo tutaridhika na hivyo. Kisha nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi hapa Tanzania, nikajaza fomu. Sitawachosha na habari za vikao. Nililipwa. Leo nina kituo changu cha tuisheni, na mwalimu niliyemwajiri hupokea mshahara wake kabla mimi sijajilipa hata shilingi. Utukufu kwa Mungu, na nasema hili kichwa juu.

Kwa hiyo, mwanangu, anza kwa Mungu. Mwambie shida yako kama ilivyo, usiipambe. Ukishamwambia, mwambie anayehusika, kwa maandishi na kwa adabu, na ubaki na nakala. Usiwaambie wasiohusika. Na usikawie: kwa mshahara usiolipwa, CMA hupokea malalamiko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, ukiachishwa kazi ni siku 30 tu. Lakini anza kwa Mungu.

Na ninyi mnaoongoza makanisa, naomba mnisikilize. Katika Matendo 6 palikuwa na manung'uniko Yerusalemu, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwahubiria wale wajane habari za jangwani. Waliwaita wanafunzi wote, wakachaguliwa watu 7 wenye sifa njema wausimamie mgawo huo. Muumini akija kwenu kusema ujira wake umezuiliwa, someni kwanza Yakobo 5:4, mwone kilio cha mtu huyo kimekwisha kufika masikioni mwa nani. Kisha mpigieni simu huyo mwajiri, hasa kama anakaa kiti cha mbele kanisani kwenu.