Awepo mtu wa kukuuliza

Ndugu Mhariri, juma hili mmeuliza: moto wa kuokoka ukishapoa, Mkristo hudumuje katika imani? Wengi watajibu maombi, Neno na kufunga. Sina ugomvi nao, ila hayo yote mtu anaweza kuyaacha kimya kimya miezi mingi, na Jumapili bado akaimba kwaya kwa sauti ile ile. Jibu langu ni hili: awepo mtu wa kukuuliza.

Huku Kagera jambo hili tumelirithi kwa wana-uamsho, yaani Wakristo wa uamsho wa kiroho wa Afrika Mashariki. Uamsho ule ulishika kasi Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na kwetu. Watu hukumbuka nyimbo na machozi. Kwa maoni yangu, uliishi kwa sababu ya ushirika wa kila juma: watu wachache sebuleni, mkulima ameketi kando ya mchungaji, kila mmoja anaungama wazi alichoiba au aliyemdanganya, kisha anakwenda kutengeneza na aliyemkosea. Wakati wa Mau Mau, vita vya kupinga ukoloni nchini Kenya, wana-uamsho wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na wengine wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Wapo waliouawa. Msimamo wa namna hiyo ni mgumu kwa mtu aliyezoea kusali peke yake.

Ushirika wetu hukutana Alhamisi jioni. Dada mmoja, fundi cherehani, alituambia kwamba vitambaa vya wateja vikibaki huwa anavichukua bila kusema. Tukaomba, tukanywa chai. Alhamisi iliyofuata, hata hajaketi vizuri, mama mwenye nyumba akamwuliza, "Mwanangu, vile vitambaa?" Akacheka kwa aibu, vilikuwa bado kwenye mfuko chini ya meza ya kukatia. Kesho yake akaanza kuvirudisha.

Hatari ipo, tusifichane. Pasipo wazee wenye busara toba hugeuka umbea, na aliyeungama jioni hukuta habari zake sokoni asubuhi. Kwetu unaungama ya kwako tu, ya mwenzako unamwachia mwenyewe, na mambo mazito husemwa mbele ya mmoja au wawili.

Kwa ninyi mnaohamahama kwa ajili ya kazi, si lazima wawe kumi. Hata mmoja anatosha, mradi umempa ruhusa ya kukuuliza habari za fedha na za ndoa, maana akikuuliza habari za maombi utamjibu tu kwamba Mungu ni mwema.

Msomaji wenu, Bukoba