Usilipie hiyo SUV ya viti saba kabla familia nzima haijakaa ndani

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo advansi ya kesho usiitume.

Umeandika una watoto wanne, mama yako mnaishi naye, umeona SUV ya viti saba yadi, muuzaji anataka milioni tano akushikilie. Unauliza ulaji wa mafuta, upatikanaji wa spea, na kama itafaa kwa familia inayopanda Moshi kila Desemba. Nimesoma mwili ukanisisimka, maana mwaka 2021 nilikuwa mahali ulipo wewe leo. Watoto wanne, mama mzazi, Desemba, Moshi. Hata maneno ya muuzaji ni yale yale: "Saba wanakaa kwa raha zao."

Hawakai.

Gari nililikuta siti za nyuma zimelazwa, buti inaonekana kama chumba. Muuzaji akapiga kofi sakafu ya buti, akaniambia hapa hata godoro linaingia. Akazisimamisha zile siti kidogo tu, akazilaza tena. Nikahesabu, mbele wawili, kati watatu, nyuma wawili, nikaridhika. Mimi na mke wangu tukakaa mbele tukazunguka nalo barabara ya Sam Nujoma, hapa Dar, AC inapuliza, gari kimya, rangi inang'aa. Kule nyuma hakuna aliyekaa hata dakika moja. Nikalipa milioni 38.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Mengine yote yalitoka hapo.

Usiku wa kuamkia safari ndiyo mara ya kwanza nasimamisha siti zote nikiwa na mizigo pembeni. Kati ya mgongo wa siti na mlango wa nyuma palibaki kama shubiri moja. Begi la shule liliingia kwa kusimama wima, likaisha hapo. Mabegi sita ya nguo, gunia la mchele, zawadi za wazee, vyote viko chini uani. Ikabidi nimtafute fundi usiku ule aniwekee keria ya mizigo juu ya paa, na unajua bei za mafundi zikifika tarehe 21 Desemba. Gunia la mchele tulilituma kwa basi.

Asubuhi mama hakuweza kupita kwenda nyuma. Ana magoti mabovu, na njia yenyewe ni upenyo wa kujipenyeza kwa kukunja mgongo. Akakaa kati pamoja na mtoto wa miaka sita na mdogo wetu wa miaka miwili kwenye siti yake ya mtoto. Nyuma wakaenda wakubwa, kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 10. Kijana ni mrefu, magoti yalimfika kifuani. Baadaye fundi alinionyesha sababu: siti ya tatu inakaa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo sakafu inanyanyuliwa. Mtu anakuwa kama amechuchumaa, si amekaa. Saa kumi za kuchuchumaa, mkuu. Na nyuma ya kichwa chake, kutoka kwenye mto wa siti mpaka kioo cha mlango, nilipima kwa vidole: vinne.

Tumepita Hedaru tunaitafuta Same, saa saba mchana, jua la pale unalijua. Upepo wa AC haufiki kule nyuma. Binti akasema, "Baba, nataka kutapika." Nikaegesha. Sasa sikiliza vizuri hapa. Wa siti ya tatu hana mlango wake, anatoka kwa kukunja siti ya kati. Upande wa kushoto, ule salama wa porini, ndipo tulipofunga siti ya mtoto, na siti hiyo ikiwa imefungwa, ya kati haikunjiki. Upande wa kulia ni barabara, malori yanapita mpaka gari linatikisika. Ikabidi nimfungue mdogo aliyelala, nimpe bibi yake, nianze kuhangaika na mikanda. Mikono inatetemeka. Kabla sijamaliza binti alishamtapikia kaka yake mapajani, analia, anaomba samahani. Anaomba samahani!

Matapishi yanaoshwa. Kilichoninyima usingizi ni kwamba wanangu wawili wakubwa niliwaweka mahali ambapo wao wenyewe hawawezi kutoka. Ingekuwa ni moshi unafuka kwenye boneti je?

Hasira yangu kwa yule muuzaji haijaisha mpaka leo. Alikuwa anajua. Alizisimamisha siti mara moja tu na kuzilaza haraka kwa sababu alijua nikikaa pale sinunui. Nilimwambia nina watoto wanne na mama mtu mzima, akanitazama usoni akasema raha zao. Na nyie wadau mnaojaza nyuzi na "SUV ya viti saba ni mkombozi wa familia", wekeni picha ya watu saba ndani pamoja na mabegi. Acheni picha za gari tupu ufukweni. Kwenye biashara hii saba ni hesabu ya mikanda, haikuambii nafasi.

Niliuza Aprili 2023 kwa milioni 29. Toa hapo keria na ukarabati, utaona nilichokilipia.

Sasa sharti langu ni moja, na nakuomba ulishike hata kama kila mtu humu atanipinga: usitoe shilingi kabla familia nzima haijakaa ndani na mabegi, mlango wa nyuma ukafungwa. Yaani wote. Bibi apande mwenyewe bila kusukumwa. Siti ya mtoto ifungwe kabisa, kisha mwambie mkubwa atoke nyuma bila kumgusa mdogo. Mabegi yawe na nguo, yasiwe matupu. Kaa na wewe pale nyuma robo saa, milango imefungwa, injini inanguruma. Ukiona Toyota Prado, angalia ni toleo gani: ile ya 120 siti za nyuma zinakunjwa kwenda ubavuni, zinakula upana wa buti hata zikiwa zimekunjwa, ya 150 zinalala sakafuni. Toyota Fortuner nayo siti zake ni za kukunjwa ubavuni. Mimi nimehamia Toyota Noah, si SUV, mlango unateleza, mama anaingia mwenyewe. Najua umesema SUV kwa ajili ya barabara ya kwenu, nakuelewa, basi itafute SUV yenye bodi ndefu, lakini sharti ni lile lile.

Muuzaji akikataa familia isikae na mabegi yao, ondokeni. Akikubali, niwekee hapa picha ya buti siti zote zikiwa zimesimama. Nipo mpaka usiku, nitakujibu.